Besi Iliyokamatwa Msibani

Nyumba Na. 114,
Mtaa wa Kalulanda,
Kitwe.
21 Agosti

Kwa Mheshimiwa Ba Muyunda,
Hakimu wa Mahakama ya Kienyeji,
Kalulanda.

Mheshimiwa Hakimu,

YAH: GITAA LANGU LA BESI LILILOKAMATWA NA MNGONI, PAMOJA NA OMBI LA KUUSIMAMISHA UTANI

Kabla hujamwuliza karani wako ni nani huyu anayekuandikia kurasa nyingi hivi, usimsumbue, nitakuambia mwenyewe. Mimi ni Bonaventura Kapambwe, BashiNkandu, yaani baba yake Nkandu, ambaye mtaa mzima, pamoja na wazee walionizidi umri, huniita Mjomba. Miaka kumi na tisa nilisuka mota katika karakana ya mgodi. Mota ya kupandishia wachimbaji ilipoungua mwaka ule wa mvua nyingi, mainjinia watatu waliizunguka na vitabu vyao kutwa nzima. Nikaja mimi na koleo moja na kipande cha muhogo mdomoni, na ilipofika saa tisa wachimbaji mia nne walikuwa juu wanaota jua. Siandiki haya kwa kujisifu. Nayaandika kwa sababu bila mimi mji huu usingekuwapo, na wewe, Mheshimiwa, ungekuwa hakimu wa vichaka.

Shule niliishia darasa la saba. Sikufeli. Mwalimu ndiye aliyeishiwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu mahakama yako ndiyo inayosikiliza mambo ya mila. Zile mahakama nyingine za mawakili zitaniuliza risiti, na Mchina aliyeniuzia hakunipa. Tena wewe ni Mlozi. Utani wenu ninyi mmewapelekea Watonga. Sisi Wabemba na Wangoni tukianza kutukanana, wewe unaweza kukaa katikati yetu usirukiwe hata na mate.

Sasa nikueleze kilichokamatwa, maana ukisikia "gitaa" utadhani ni gitaa.

Nililinunua miaka sita iliyopita kwa Mchina mmoja pale sokoni, bei ya magunia matatu ya unga. Lilikuwa limening'inizwa kati ya ndoo za plastiki na mitego ya panya, ambayo Wangoni wakiiona huiita vyombo vya jikoni. Halikuwa na jina. Mahali pa jina palikuwa na alama ya gundi tu. Shingo yake ilikuwa imepinda kama ya kuku aliyesikia anatajwa. Nyuzi zilikaa juu mno ya ubao, mtoto wa paka angepita chini yake bila kuinama. Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Watu walinicheka njia nzima kutoka sokoni. Mwenye akili ya kununua angelirudisha. Mimi nina akili ya kutengeneza.

Kile kibao cha plastiki kule juu shingoni, ambacho nyuzi hulalia kabla ya kufika kwenye funguo za kukazia, nilikitupa. Nikaweka mfupa wa ugoko wa ng'ombe, niliouchagua mwenyewe katika supu ya Jumapili na kuupiga tupa siku tatu. Shingo niliinyoosha kwa kuichomekea kipande cha kadi yangu ya ubatizo pale inapoungana na mwili, na tangu siku hiyo gitaa lile halijawahi kupiga wimbo wa kilabuni bila kuona haya kidogo. Tundu lote la ndani nililivalisha bati la kopo la mafuta ya kupikia, ule mvumo wa nyuki ukakoma. Kisha nikakifumua kidaka-sauti, ile sumaku iliyoviringiwa waya inayokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Mheshimiwa, aliyekisuka kiwandani alikuwa anawahi basi. Nilikisuka upya kwa waya wa shaba uliotoka katika mota ya pampu ya kisima, mizunguko elfu nane, nikihesabu kwa mdomo. Nilipofika elfu sita na mia mbili BanaNkandu, mke wangu, akaniuliza chumvi nimeiweka wapi. Nikaanza upya.

Mwisho, kule mkiani nyuzi zinakofungwa, nilizibana kwa sponji niliyoikata katika kiti cha wageni. Hapo ndipo penye siri. Sponji inaifupisha sauti na kuinenepesha, inakuwa kama ya lile pipa la uzi mmoja walilopiga babu zetu kwenye pombe ya mavuno. Mgeni akiketi katika kile kiti leo anazama, lakini hajawahi kulalamika mtu aliyesikia gitaa.

Jioni tukishakula nilikuwa nakaa kizingitini, spika kwenye betri ya gari, nausukuma uzi wa nne kidogo kidogo kama mtu anayemsukuma mzee apite mlangoni. Hapo dunia yote ilikuwa inakaa sawa. Sahani za BanaNkandu zilikuwa zikishuka rafuni moja moja kwa utaratibu na kusimama mezani. Kuku wa jirani aliyekuwa ameacha kutaga alianza tena, na mayai yenyewe yalikuwa ya mviringo kamili. Siku moja nilipiga kwa nguvu kidogo na kule chini ya mgodi, mita mia tisa, watu wakaacha kazi wakapanda juu, wakidhani baruti zimelipuliwa kabla ya saa. Msimamizi alikuja hapa kwangu kunisihi. Uliza.

Na wapo wenye magitaa ya bei kubwa, siwafichi. Kanisa la pale njia panda wana kijana mwenye besi ya nyuzi tano iliyokuja kwa ndege. Nyuzi nne zimemshinda, ameongezewa wa tano, kama mtu aliyeshindwa kumlisha mke mmoja akaenda kuoa wa pili ili apate mshauri. Gitaa lake linang'aa, naye analifuta kwa kitambaa kila baada ya wimbo. Mimi langu nililifutia suruali na lilikuwa linashukuru.

Basi, kesi yenyewe ni hii.

Mwezi wa Juni alifariki Mzee Chibuye, shemeji wa marehemu baba yangu, akiwa na miaka tisini na moja. Alikuwa ameshiba siku, hakuna aliyelia kwa hasira. Siku ya maziko mimi ndiye niliyekuwa niongoze kwaya kwa besi jeneza likitoka. Akaja Jailos Shawa.

Huyu Shawa ni Mngoni, jirani yangu wa nyuma, zamani dereva wa garimoshi la kubebea mawe ya shaba. Siku hizi anatengeneza redio sokoni, au anasema anatengeneza. Redio zinazoingia kwake hutoka zikiwa zimepata utulivu wa kudumu. Miaka thelathini tumetaniana. Mimi namwita mla panya, yeye ananiita mla nyani, na watoto wetu wamekua wakidhani hayo ndiyo majina ya ukoo.

Alifika msibani amevaa koti la marehemu, ndani nje, ameshika na fimbo yake, akawa anachechemea kama marehemu alivyochechemea. Akaenda moja kwa moja kwa mjane akamwambia, "Mke wangu, nimetoka huko, wamenirudisha, wanasema sijala. Ugali wangu uko wapi?" Yule mama alicheka, mara ya kwanza tangu mumewe afariki. Hayo nayakubali, Mheshimiwa. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na Shawa anaiweza, sitamnyima haki yake, ni mjinga mwenye kipaji.

Lakini alipomalizana na mjane akaja kusimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa barazani, nimechomeka gitaa kwenye spika, naupatanisha uzi wa nne. Kwaya imesimama. Vijana sita wameshainua jeneza. Ghafla gitaa likanitoka shingoni na mkanda wake, na sauti ya Shawa ikafika hadi kule kwenye masufuria.

"Wabemba, huyu mzee hakufa kwa uzee," akasema. "Amekufa kwa kelele za sanduku hili. Nalikamata. Leo imbeni kwa midomo, Mungu aliwapa mikubwa."

Watu walicheka mpaka wale vijana wakalitua jeneza. Kisha wakaimba kwa midomo, na sitasema waliimba vibaya. Nami nilicheka, maana mila inataka ucheke. Nilicheka kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya mama mkwe.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni kama yafuatayo:

1. Kuhusu jogoo. Kila mtu anajua kwamba alichokikamata mtani msibani hukombolewa kwa kuku, na kesi huisha. Siku ya tatu nilimpelekea jogoo mwekundu, mkubwa, ambaye alikuwa anatembea kama diwani. Sikuingia kwake, nilimpitisha juu ya ua. Shawa akampokea, akampima uzito kwa mkono, akasema, "Asante, Mbemba. Huyu ni shahidi. Komboleo lenyewe liko wapi?" Jioni ile ile harufu ya mchuzi ilivuka ua kuja kwetu. Naomba mahakama iandike kwamba mshtakiwa alimla shahidi.

2. Kuhusu kulipiga. Nilidhani atalitundika ukutani kama nyara, jambo ambalo ningelivumilia. La hasha. Analipiga kanisani kwetu kila Jumapili, ibada ya pili, mchana kweupe. Analiminya kwa kidole gumba kama mwanamke anayechagua parachichi. Hana mwendo, hana tumbo, ana kofia tu. Na watu wanapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya, ambaye sitamtaja kwa sababu ni dada yangu, alinisimamisha langoni akasema gitaa lile sasa sauti imekuwa safi. Sasa. Nimelirudia neno hilo kichwani wiki nzima, kila nikilirudia linanenepa.

3. Kuhusu sponji. Ameitoa. Siku hizi mke wake anaoshea masufuria. Noti zangu, nilizozifundisha kuwa fupi na zenye adabu, zinarefuka ovyo kama hotuba ya mgeni rasmi. Nimemwona mke wa Shawa kwa macho yangu akisugua ukoko kwa siri yangu ya miaka sita.

4. Lalamiko la nne nimelifuta kwa sababu lilihusu mama yake mzazi, na nilipolisoma tena niliona limevuka utani.

5. Kuhusu dharau ya kuniita. Mara tatu sasa ametuma watu. Ujumbe ni ule ule: "Mwambieni Mbemba aje mwenyewe, aingie ndani, akae, tunywe togwa ya munkoyo, nimwonyeshe kitu kidogo katika gitaa, kisha aende nalo." Nionyeshwe kitu? Mimi? Katika gitaa nililolifumua na kulisuka kwa mkono huu, na Mngoni ambaye redio zinamkimbia? Tangu lini panya akamwonyesha paka njia ya jikoni? Nimemjibu kwamba siingii. Gitaa lije kwa njia ile ile aliyopitia jogoo. Na watu wakimwuliza kwa nini hanirudishii, anacheka anasema, "Mwulizeni mwenyewe." Wanakuja kuniuliza. Niulizwe nini? Aliyeibiwa ng'ombe ndiye anayeulizwa ng'ombe yuko wapi?

6. Hili, Mheshimiwa, ndilo linalonikosesha hamu ya kula, na nakuomba ulisome umekaa.

Binti yangu Nkandu anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na nne Septemba. Ni muuguzi huko Solwezi, mtoto wa kwanza na wa pekee wa kike. Alipokuwa na miaka saba alinishika sikio akaniambia siku ya harusi yake nitampigia anapoingia, nikasema ndiyo. Wakati huo sikuwa na gitaa hata la kuazima. Nililinunua kwa ajili ya ile ndiyo. Watu waliocheka njiani kutoka sokoni hawakujua hilo, nami sikuwaambia, maana mtu hajibu kila mbwa.

Unajua mwenyewe harusi zetu. Bibi harusi haingii ukumbini kama mtu anayeingia benki. Anaingia na wapambe wake kumi na wawili kwa hatua zilizofanyiwa mazoezi, mbili mbele, moja nyuma, bega, na hatua hizo zinabebwa na besi. Wiki tatu sasa hao mabinti wanafanya mazoezi katika darasa la shule ya msingi, na kwa kuwa gitaa liko kifungoni, ninasimama mbele yao nawapigia kwa mashavu. Dum, dumdum, du. Mimi, mtu wa hadhi yangu, niliyeokoa wachimbaji mia nne, nafanya dum kwa mashavu mbele ya mabinti wanaoficha vicheko kwa viganja. Wiki iliyopita meno ya pembeni yalianza kuuma.

Ndugu zangu wamesema kuna muziki wa kwenye simu. Nilimpigia Nkandu nikamweleza hivyo kwa utaratibu. Akasema, "Tata, kama si wewe, nitaingia kimya. Tutahesabu kwa miguu."

Sasa niambie wewe uliyesoma sheria: bibi harusi wa Kibemba kuingia kimya, watu mia tatu wakisikiliza viatu, na baba yake ameketi mstari wa mbele na mikono mitupu juu ya magoti kama mtu anayesubiri dawa hospitalini. Huo ni utani gani?

Kwa hayo yote naiomba mahakama yako yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia jepesi:

(a) Shawa aitwe barazani na gitaa, sponji ikiwa imekaushwa, na manyoya ya jogoo kama kielelezo.

(b) Itungwe orodha ya vitu ambavyo mtani anaruhusiwa kukamata msibani. Kofia sawa. Fimbo sawa. Mwiko, kiatu kimoja, hata godoro kama mwenyewe hajalilalia. Kitu chochote chenye nyuzi zaidi ya mbili kisiguswe.

(c) Utani wote kati ya Wabemba na Wangoni usimamishwe nchi nzima, kutoka hapa hadi Chipata, hadi gitaa lirudi. Katika kipindi hicho Mngoni akitukanwa ajue ametukanwa kweli. Misiba yao wazike wenyewe kwa uso mkavu, tuone kama watafika makaburini.

(d) Ikiwa (c) haitoshi, mahakama ifungue upya suala la wao kuvuka Zambezi. Wanasema wenyewe, kwa majivuno, kwamba babu zao waliuvuka ule mto mchana jua likiwa limezimika. Nauliza, mtu mwema huvuka mto gizani? Ni nani aliyewahesabu? Walibeba vya nani? Kama haitapatikana barua ya ruhusa, basi warudi ng'ambo, mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule waliokuja nao, na magitaa yaachwe ukingo wa huku. Shawa awe wa mwisho, maana kwa umri wake atahitaji kushikwa mkono, na wa kumshika mkono nitakuwa mimi, sitaki lawama baadaye.

(e) Ikiwa hata (d) itaishinda serikali, basi siku ya tarehe kumi na nne mahakama yenyewe, hakimu, karani na mzee wa baraza, ije ukumbini saa nane mchana na kufanya dum kwa mashavu. Nitawafundisha. Inahitaji siku mbili tu na maji ya chumvi.

Najua upo utaratibu wa kulipia hati ya wito na nitaulipia. Najua pia karani wako ni Mnyanja na atataka kulikalia faili hili kwa sababu ya ujirani wao na Wangoni huko mashariki. Mwambie namwona.

Sina mengi, Mheshimiwa, na hayo machache niliyoyasema ungeweza kuyaongeza mwenyewe kwa hekima yako. Msalimie mkeo na watoto. Msalimie mzee wa baraza mwenye kifua, mwambie atafune tangawizi. Wasalimie Watonga wako, uwatukane kwa niaba yangu wakati bado inaruhusiwa. Karani naye msalimie, lakini kwa sauti ya chini.

Ni mimi mlalamikaji, aliyedhulumiwa lakini hajalala chini,

Bonaventura Kapambwe (BashiNkandu)
Msuka mota mstaafu na mpiga besi

Nyongeza: Barua hii imesomwa na BanaNkandu kabla sijaifunga kwa gundi. Ameisoma yote bila kucheka mahali popote, hata penye jogoo, na mimi naijua maana yake. Kisha amesema, "BashiNkandu, hujaandika habari za waya." Nikamwuliza waya gani. Akasema, "Ule uliokuwa unaning'inia chini ya gitaa. Siku ile nilikaa na wanawake upande wa ukuta, niliuona." Mheshimiwa, wiki kumi hizi nimekuwa nalala kitanda kimoja na mtu anayejua.

Amesema haitoki nyumbani bila kipande hiki, kwa hiyo kiandikwe.

Asubuhi ya maziko nililifungua gitaa nibadilishe kitufe kimoja. Nilitaka kiwe cheupe kwa heshima ya marehemu. Nikaitwa kwenda kusaidia kubeba madawati, nikalifunga haraka haraka. Pale barazani nilipogusa uzi, mbele ya kwaya na wakwe na jeneza, gitaa halikusema neno. Nikageuza vitufe, kimya. Nikagonga spika, spika nzima. Ndipo nikaanza kujifanya naupatanisha uzi wa nne. Hakuna uzi katika nchi hii uliowahi kupatanishwa muda mrefu namna ile, na jasho lilikuwa linanidondokea mkononi. Vijana walikuwa wameshaanza kunitazama.

Shawa alikuwa nyuma yangu. Anajua mambo ya nyaya kuliko nilivyoeleza hapo juu. Aliinama sikioni kwangu kana kwamba ananibeza, na kabla hajapaza sauti yake ya kuchekesha watu, aliniambia polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake miaka thelathini: "Achia, ndugu yangu. Nipe mimi."

Nikaachia. Hakunyakua, Mheshimiwa. Niliachia.

Na tangu siku hiyo hajamwambia mtu yeyote, hata mke wake anadhani ni utani tu.

Kwa hiyo usimwite. Lile la Zambezi liache kwanza. Kesho asubuhi nitazunguka ua, niingie kwa mlango, nikae, ninywe hiyo munkoyo, nionyeshwe. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa karatasi zimekwisha, ila nakuomba mstari huu wa mwisho karani asiusome kwa sauti: ulikuwa waya mmoja tu, ule mweusi, na mimi ndiye niliyesahau kuulehemu.